Mtakatifu Josephine Bakhita: Mtumwa Aliyekataa Kurudi

Ukitembelea makanisa ya Katoliki hapa nchini hutakosa kusikia jina la Bakhita. Jumuiya ndogo ndogo zinaitwa kwa jina lake, na wasichana wanabatizwa kwalo. Lakini hebu uulize Bakhita alikuwa nani hasa. Wengi wetu tutajibu kwa maneno matatu tu: alikuwa mtumwa, akawa sista, akasamehe. Hadithi inaishia hapo, na tunaambiwa tumuige kwa upole wake.

Mimi sipingi. Upole alikuwa nao, tena tele. Hata hivyo, kuna siku moja katika maisha yake ambayo tunasimuliwa mbiombio au kuachwa tusiisikie kabisa, na kumbe bila siku hiyo hayo mengine yasingekuwapo. Ni siku ambayo Bakhita alikataa. Nitaisimulia safari yake tangu mwanzo ili tukifika hapo tuone uzito wa neno hilo moja.

KUZALIWA NA KUIBWA

Bakhita alizaliwa yapata mwaka wa 1869 katika kijiji cha Olgossa huko Darfur, magharibi mwa Sudan. Watu wake waliitwa Wadaju. Baba yake alikuwa ndugu wa mkuu wa kijiji, kwa hivyo jamaa yake haikuwa ya dhiki. Aliishi na wazazi, kaka na dada kwa furaha. Alipozeeka alikumbuka kwamba siku zile hakujua mateso ni kitu gani.

Wakati huo biashara ya watumwa ilikuwa imeanza kuzibwa huku kwetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, na mwaka wa 1875 kijiji cha Freretown kilianzishwa Mombasa kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Lakini sheria ya pwani haikufika Darfur. Kule bara wawindaji wa watu waliendelea na kazi yao kama kawaida. Siku moja walivamia kijiji cha akina Bakhita na kumchukua dada yake mkubwa. Kilio cha mama yake siku ile hakikumtoka masikioni maisha yake yote.

Zamu yake mwenyewe ilifika mwaka wa 1877 hivi, akiwa na umri wa miaka saba hadi tisa. Alikuwa akitembea na rafiki yake karibu na mashamba, wakatokea wanaume wawili wasiowajua. Hawakuwakimbiza. Walimwambia yule mwenzake atangulie, kisha wakamtuma Bakhita msituni akawachukulie mzigo waliodai kuusahau huko. Alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri. Mtoto kama huyo akitumwa na mtu mzima haulizi maswali, huenda. Basi akaenda. Alipoingia kwenye miti wakamfuata, wakamtolea kisu na kumtisha kwamba akipiga kelele atakufa.

Naomba msomaji uishike sehemu hii vizuri, kwa maana nitairudia. Mtoto huyu hakunaswa kwa utundu wala ukaidi. Alinaswa kwa utii.

JINA LA BAHATI

Watekaji walimwuliza jina lake. Hofu ilikuwa imemkaba koo na hakuweza kulitamka. Basi wakampachika jina la kwao, Bakhita. Mateso yaliyofuata yalimfanya alisahau kabisa jina alilopewa na wazazi wake, na hakulikumbuka tena hadi kufa. Sisi wanachama wa Kiswahili tunaweza kulitambua jina hilo bila kamusi. Bakhita ni neno la Kiarabu la ukoo mmoja na neno letu bahati. Maana yake ni mwenye bahati. Ama kweli dunia ina kejeli! Mtoto anaibwa kwa mama yake, halafu anaitwa Bahati.

Walimfungia katika chumba kidogo chenye giza kwa muda wa mwezi mmoja hivi, kisha wakamwuza kwa mfanyabiashara wa watumwa. Ndipo ilipoanza safari ya miguu kuelekea mji wa El Obeid. Ilikuwa mwendo wa kilomita 960 hivi, naye hana viatu. Ukitaka kuuelewa umbali huo, fikiria kutoka Mombasa hadi Kisumu kwa miguu mitupu, na ukifika Kisumu uambiwe bado. Njiani aliuzwa na kununuliwa mara mbili.

Katika safari hiyo alijaribu kutoroka. Yeye na msichana mwingine walipata mwanya, wakatimua mbio hadi msituni. Walilala juu ya mti kwa kuogopa wanyama wakali, wakatembea bila kujua kwao ni upande gani. Kisha wakakutana na mtu aliyejifanya mwema, akawakaribisha kwake. Kumbe wameruka majivu na kukanyaga moto! Mtu huyo aliwafunga minyororo katika zizi la kondoo, na baada ya siku kadhaa akawauza.

CHALE 114

Mjini El Obeid Bakhita alinunuliwa na tajiri mmoja wa Kiarabu awe mjakazi wa binti zake. Mabinti hawakumtesa sana. Lakini siku moja alivunja chombo cha kaka yao, na kijana huyo akampiga mijeledi na mateke hadi akashindwa kuinuka. Alilala kwenye mkeka zaidi ya mwezi mmoja.

Baadaye aliuzwa kwa jenerali wa Kituruki. Hapo ndipo alipoonja shubiri yenyewe. Kazi yake ilikuwa kumhudumia mama wa jenerali na mkewe, na hakupita siku bila kuchapwa. Kidonda kimoja kilikuwa hakijapona kabla ya kingine kuongezwa. Jambo lililomwumiza kuliko yote lilikuwa lile la chale. Mke wa jenerali aliamua kwamba wajakazi wake wapya wawekwe alama. Mwanamke fundi wa kazi hiyo aliletwa. Alichora mistari kwa unga mweupe juu ya ngozi ya Bakhita, akaikata kwa wembe kufuata mchoro, kisha akajaza chumvi katika vidonda ili makovu yabaki wazi daima. Chale hizo zilikuwa 114, kifuani, tumboni na kwenye mkono wa kulia. Wajakazi wengine walilazimishwa kusimama hapo na kutazama huku wakingoja zamu yao. Bibi mwenyewe alisimama karibu na mjeledi.

Ndugu msomaji, sikuyaandika haya ili kukutisha. Nimeyaandika kwa sababu baadaye tutasikia habari ya msamaha, na si haki kulisema neno hilo kwa wepesi bila kwanza kuhesabu chale hizo 114.

MABWANA WEMA

Mwaka wa 1882 vita vya Muhammad Ahmad, yule aliyeitwa Mahdi, vilikuwa vikienea Sudan. Jenerali aliamua kurudi kwao. Aliwauza watumwa wake wengi, wengine akawachukua hadi Khartoum. Huko, mwaka wa 1883, Bakhita alinunuliwa na Callisto Legnani, naibu wa balozi mdogo wa Italia.

Kwa mara ya kwanza tangu aibwe, Bakhita hakupigwa. Alipewa nguo na akafanya kazi za nyumbani kwa utulivu. Majeshi ya Mahdi yalipoukaribia mji na Legnani akajiandaa kurudi Ulaya, Bakhita aliomba afuatane naye. Walisafiri kwa ngamia hadi bandari ya Suakin kwenye Bahari ya Shamu, na mwaka wa 1885 wakafika Genoa nchini Italia. Walikuwa pamoja na rafiki ya Legnani aliyeitwa Augusto Michieli. Bandarini mke wa Michieli, Bi Turina, aliwapokea, naye akatamani kupata mmoja wa Waafrika waliofika. Legnani akampa Bakhita. Alimtoa kama vile mtu anavyotoa zawadi ya kitambaa au birika.

Hapa panahitaji kufikiriwa. Legnani hakuwa mkatili, wala hakuna anayesema akina Michieli walikuwa wakatili. Walimlisha na kumvisha. Bibi alipojifungua mtoto wa kike mwaka wa 1886, Bakhita akawa yaya wake. Mtoto huyo waliyemwita Mimmina alimpenda Bakhita sana, na Bakhita akampenda kama damu yake. Lakini bwana mwema bado ni bwana. Mtu anayeweza kukutoa zawadi kwa rafiki yake hajakuona kuwa mtu, hata akikupa kitanda chenye godoro.

Akina Michieli walikuwa wamenunua hoteli huko Suakin na walitaka kuhamia huko. Kulikuwa na safari za kwenda na kurudi, na mwaka wa 1888 Bi Turina alihitaji mahali pa kuwaacha Bakhita na Mimmina mpaka atakapowajia. Msimamizi wa mali yao, Bwana Illuminato Checchini, alitoa shauri wapelekwe Venice katika nyumba ya wakatekumeni iliyoendeshwa na masista wa Canossa. Bwana huyu ndiye aliyekuwa amempa Bakhita msalaba mdogo wa fedha. Bakhita hakujua maana yake wakati huo, lakini aliuficha na kuutazama akiwa peke yake.

Kule Venice masista walianza kumfundisha dini. Alipokuwa mtoto Darfur alikuwa akitazama jua, mwezi na nyota na kujiuliza ni nani mwenye vitu vizuri hivyo, naye akitamani kumjua. Sasa aliambiwa jina la mwenyewe. Aliambiwa pia kwamba huyo naye alichapwa mijeledi na kutundikwa msalabani. Tena aliambiwa kwamba yeye, Bakhita, ni mwana wa Mungu huyo. Nadhani hapo kitu kilibadilika ndani yake. Mwana wa Mungu hawezi kuwa birika la mtu.

SIKU YA KUKATAA

Mwaka uliofuata Bi Turina alirudi kuwachukua. Alikuwa na hakika kwamba Bakhita angefunga mizigo siku hiyohiyo. Bakhita akakataa.

Bibi hakuamini. Alisihi, akalia, akakasirika, akamwita mtu asiye na shukrani. Bakhita alishikilia kwamba hatatoka katika nyumba ya Mungu mpaka abatizwe, kwa maana kule Suakin hangeweza kuifuata imani yake. Bibi hakukubali kushindwa. Alitumia marafiki zake wakubwa. Mama Mkuu wa ile nyumba naye hakulala. Alipeleka habari kwa Patriaki wa Venice, Kardinali Domenico Agostini, na Patriaki akamhusisha mwendesha mashtaka wa mfalme.

Tarehe 29 Novemba 1889 watu hao wote walikusanyika. Hebu tuione picha hiyo. Upande mmoja kulikuwa na bibi tajiri na jamaa zake waliozaliwa katika nchi ile na kuijua lugha yake. Upande wa pili alikuwapo msichana mweusi wa miaka ishirini hivi. Hakuwa amesoma shule, hakuwa na ndugu hata mmoja katika bara lote la Ulaya, wala hakukumbuka jina alilozaliwa nalo. Kiitaliano chake kilikuwa cha kubabaisha, kile cha kusikia jikoni. Isitoshe, Mimmina mdogo alikuwa akilia hataki kuachana naye. Bakhita alisema baadaye kwamba kitu hicho kilimchoma moyo kuliko yote, maana hakumchukia bibi yule na alimpenda mtoto.

Alikataa hivyo hivyo, huku moyo unamwuma.

Uamuzi uliotolewa ulikuwa wazi. Sheria ya Italia haikuutambua utumwa. Kwa hivyo Bakhita hakuwa mali ya mtu, na mbele ya sheria ya nchi ile hakuwa amewahi kuwa mali ya mtu. Alikuwa na haki ya kuchagua mahali pa kukaa. Akachagua kubaki kwa masista.

Ninapoisoma sehemu hii huwa nashtuka. Tangu siku alipokanyaga bandari ya Genoa, Bakhita alikuwa mtu huru kisheria. Aliishi zaidi ya miaka minne kama mjakazi katika nchi ambayo haikuwa na wajakazi wa kumilikiwa, kwa sababu hapakuwa na aliyemwambia. Haki ilikuwapo kwenye karatasi, lakini ilimngoja yeye afumbue kinywa. Mtoto aliyetumwa msituni na watu wazima akaenda bila kuuliza, sasa alikuwa ametumwa tena na watu wazima, na safari hii hakwenda.

UTII WA HIARI

Tarehe 9 Januari 1890 Bakhita alibatizwa, akapewa Kipaimara na kupokea Komunyo ya kwanza siku hiyo hiyo. Majina yake yalikuwa Giuseppina, yaani Josephine kama tunavyomwita sisi, Margherita na Fortunata. Hili la mwisho ndilo Bakhita kwa Kiitaliano. Kwa hivyo alikuwa Bahati kwa Kiarabu akiwa amefungwa, na akawa Bahati tena akiwa huru. Safari hii jina lilimkaa sawasawa. Miaka mingi baadaye alikuwa akibusu kisima cha ubatizo na kusema kuwa hapo ndipo alipofanywa mwana wa Mungu.

Hakuishia hapo. Tarehe 7 Desemba 1893 aliingia unovisi katika shirika la Canossa, na tarehe 8 Desemba 1896 akaweka nadhiri zake. Mojawapo ya nadhiri za watawa ni utii.

Najua wapo watakaouliza swali hili, maana hata mimi nilijiuliza. Mtu ametoka kupigania uhuru wake hadi mbele ya mwakilishi wa mfalme, halafu anakwenda kuapa kutii wengine? Si amejitia kamba tena? La hasha! Tofauti ni kubwa kama mbingu na ardhi. Utii wa kwanza alilazimishwa kwa kisu na mjeledi. Huu wa pili aliutoa mwenyewe, mkono wake ukiwa wazi na mlango ukiwa haujafungwa. Mtu hawezi kutoa kitu ambacho si chake. Ilibidi kwanza Bakhita ajimiliki ndipo aweze kujitoa. Kwa hiyo ile siku ya kukataa na ile siku ya nadhiri ni ndugu wa tumbo moja.

MAMA MWEUSI WA SCHIO

Mwaka wa 1902 alipelekwa katika nyumba ya shirika mjini Schio, kaskazini mwa Italia. Kwa muda mwingi wa maisha yake yaliyobaki aliishi huko. Ukitafuta mambo makubwa aliyoyafanya hutayaona. Hakujenga hospitali wala kuandika vitabu vya dini. Alipika, alishona, alidarizi, alitunza vitu vya kanisani na alikuwa mfungua mlango. Watoto waliokuja shuleni kwa masista walikutana naye mlangoni kila asubuhi, akiwawekea mkono kichwani kwa upole. Wengi wao hawakuwa wamewahi kumwona mtu mweusi. Walimzoea, wakampenda, na mji mzima ukamwita Mama Mweusi kwa lugha ya kwao.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, sehemu ya nyumba yao iligeuzwa hospitali ya wanajeshi, naye akawahudumia majeruhi. Mwaka wa 1931 kilichapishwa kitabu cha maisha yake kilichoandikwa na Ida Zanolini, na jina lake likaenea Italia yote. Kuanzia mwaka wa 1935 hadi 1939 alikaa Vimercate karibu na Milan, akizunguka katika nyumba za shirika kusimulia maisha yake na kusaidia kuwaandaa masista vijana waliokuwa wakielekea Afrika. Hakupenda kujionyesha mbele za watu, lakini alitii. Vita vya Pili vilipofika na mabomu yakaangukia Schio, watu wa mji walisema kwamba hawana wasiwasi maadamu Mama Mweusi yuko nao.

Uzee ulimletea maradhi, na miguu iliyotembea kilomita 960 ikakataa. Akaishia kwenye kiti cha magurudumu. Katika siku zake za mwisho akili ilikuwa ikimrudisha utumwani. Alimsihi sista aliyekuwa akimwuguza amlegezee minyororo kwa kuwa ni mizito. Mimi sehemu hii huniliza. Miaka karibu sitini ya uhuru ilikuwa imepita, na bado minyororo ilikuwa ndani ya mwili. Alifariki tarehe 8 Februari 1947 huku akimtaja Bikira Maria kwa tabasamu. Maelfu ya watu walikuja kumpa heshima za mwisho.

JE, MSAMAHA NI UNYONGE?

Sasa tuje kwenye jambo ambalo limewahi kutufanya tubishane darasani hadi kengele ikalia. Bakhita alisema kwamba angekutana na wale waliomteka na hata wale waliomtesa, angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa maana bila wao hangemjua Kristo wala kuwa mtawa. Wenzangu wengine walisema huo ni utakatifu wa hali ya juu. Wengine, hasa wasichana, walisema hapana, huko ni kuwapa wakatili moyo. Mmoja aliuliza: eti mtu akikuchanja chale 114 umbusu mkono?

Swali hilo si la mchezo, na si vizuri kulifunika kwa kusema tu kwamba mtakatifu ni mtakatifu. Nikijaribu kulijibu, naangalia kwanza mpangilio wa mambo. Bakhita hakuyasema maneno ya msamaha akiwa zizini na minyororo. Hakuyasema mbele ya mke wa jenerali ili apunguziwe viboko. Aliyasema akiwa mtu huru, upande wa pili wa siku ile ya Novemba. Pia msamaha wake haukumrudisha kwa bwana yeyote. Bi Turina alimsamehe, lakini hakumfuata. Tena hakuuita utumwa kitu chema. Makovu aliyasimulia jinsi yalivyokuwa, bila kuyapaka sukari.

Kwa hivyo anayemwambia msichana anayepigwa nyumbani, au mfanyakazi anayenyimwa mshahara, kwamba avumilie kimya kama Bakhita, hamjui Bakhita. Bakhita alivumilia alipokuwa hana njia. Siku ilipopatikana njia alisimama kwenye mlango wake na hakutoka. Upole si unyonge, na kusamehe si kurudi.

KUMBUKUMBU YAKE

Kanisa halikumsahau. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri tarehe 17 Mei 1992. Mwezi wa Februari 1993 Papa huyo alifika Khartoum na kumheshimu Bakhita katika nchi aliyoibwa. Tarehe 1 Oktoba 2000 alimtangaza Mtakatifu mjini Roma. Tangu mwaka wa 2015, sikukuu yake ya tarehe 8 Februari imekuwa pia siku ya kimataifa ya sala dhidi ya biashara ya binadamu.

Biashara hiyo haijaisha, jameni. Bunge letu lilitunga sheria ya kukabiliana na ulanguzi wa binadamu mwaka wa 2010, na bunge halitungi sheria kwa jambo lisilokuwapo. Wawindaji wa leo hawaji na kisu mwanzoni. Wanakuja kama wale wawili wa Olgossa, kwa sauti ya mtu mzima anayeheshimika, wakimtuma kijana mahali ambapo eti kuna mzigo wa kuchukua. Leo mzigo huo unaitwa kazi nzuri mjini au ng'ambo. Tumelelewa kutii wakubwa, na ni vyema. Lakini kijana mwenye adabu bado anaweza kuuliza anatumwa wapi, kufanya nini, na nani mwingine anajua.

Wahenga walisema heshima si utumwa. Bakhita aliishi na kuthibitisha hivyo. Aliwaheshimu watu wote, akawasamehe hata wale waliomchanja, akawafungulia mlango watoto wa Schio miaka nenda miaka rudi. Lakini kabla ya kuwa mfungua mlango wa wengine, alikataa kutolewa kwenye mlango wake mwenyewe. Basi tutakapoliimba jina lake tarehe 8 Februari, tukumbuke upole wake, na tusiusahau ule ukaidi wake mtakatifu.